Sura ya Sita: Daftari Lisiloungua Wala Kulowa

Soko Kuu la Bujumbura liliungua Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013. Moto ulianza asubuhi, na siku ilipoisha wafanyabiashara wengi walikuwa wamepoteza bidhaa, vibanda na fedha taslimu walizozifungia humo. Vitenge, vyombo na simu vingeweza kukadiriwa bei. Madeni hayakukadirika kwa urahisi hivyo. Aliyewakopesha wateja wa mikoani na kuandika kila deni katika daftari lililolala kibandani alitoka sokoni bila ushahidi, akitegemea uaminifu wa wadeni wake tu.

Kilomita zipatazo 75 kusini ya soko hilo, kwa barabara ya RN3 inayofuata ufuko wa Tanganyika, mji wa Rumonge unaishi kwa biashara ya namna ileile. Ni mji wa mawese na samaki. Michikichi imetanda katika tambarare ya Imbo na kwenye miteremko inayoitazama, na mafuta yake husafiri katika bidoni hadi Bujumbura na bara. Usiku mitumbwi huingia ziwani na taa kuwafuata ndagala na mukeke. Alfajiri wanunuzi huwa wameshafika mwaloni. Ng'ambo ya maji iko Baraka ya Kongo, na kusini zaidi Kigoma ya Tanzania. Ndiyo maana Kiswahili hapa ni lugha ya soko sambamba na Kirundi. Ndiyo maana pia mkopo umeingia katika kila aina ya mauzo: mchuuzi huondoka na samaki akalipa akirudi, na mwenye mtaji hununua mawese yakiwa mengi, akayaweka hadi bei ipande.

Kila deni na kila bidoni huandikwa mahali. Miaka michache iliyopita mahali hapo palikuwa daftari la jalada gumu. Leo ni kompyuta ya mkononi ya karani, simu ya mwenye duka, na kwa wafanyabiashara wengi ni mfumo wa ankara za kielektroniki unaosimamiwa na mamlaka ya mapato, OBR. Kompyuta moja ikiibwa, ikimwagikiwa chai au ikipigwa na radi, kumbukumbu za miaka mitatu zinaweza kupotea kwa dakika moja, jambo ambalo hata daftari la karatasi halikuliruhusu kwa urahisi.

Hapo ndipo seva ya hifadhi inapoingia. Ni kisanduku chenye diski mbili au zaidi, kinachounganishwa kwa waya na ruta ya ofisi, ili kompyuta zote zisome na kuandika mahali pamoja. Kampuni za Taiwan kama Synology, iliyoanzishwa mwaka 2000, na QNAP, iliyoanzishwa mwaka 2004, zimekifanya kifaa hiki kiwe kidogo na rahisi kiasi kwamba duka lisilo na mtaalamu wa kompyuta linaweza kukimiliki. Matangazo yake husifu ukubwa na kasi. Mfanyabiashara wa Rumonge ana sababu ya kuanza na swali jingine: umeme ukikatika, ziwa likipanda, diski ikifa au mwizi akiingia, kifaa hiki kitamrudishia nini, na baada ya muda gani?

Mzigo upimwe kwanza

Kosa la kawaida ni kununua kwa kukisia. Hesabu ya ofisi ya mfano itasaidia: mnunuzi wa mawese mwenye wafanyakazi watano, kompyuta tatu, na kamera nne za ulinzi ghalani.

Karani anapitisha kwenye skana kurasa 100 za ankara na risiti kwa siku. Kila ukurasa ukiwa na kilobaiti 300, jumla ni megabaiti 30. Vijana wa ghala wanapiga kwa simu picha 50 za mizani, mizigo na hati za magari. Kila picha ikiwa na megabaiti 4, jumla ni megabaiti 200. Kwa siku 300 za kazi, karatasi na picha zote za ofisi hiyo zinafika gigabaiti 69 hivi. Miaka kumi ya kazi haijazi terabaiti moja.

Kamera ni habari nyingine. Kamera moja inayorekodi kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, mchana na usiku, hutumia karibu gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne hutumia 86. Kwa maneno mengine, kamera hizo hujaza kwa siku moja nafasi kubwa kuliko karatasi na picha za mwaka mzima, na kuhifadhi video za siku 30 kunahitaji terabaiti 2.6.

Hesabu hii inabadilisha ununuzi wote. Kinachokula nafasi ni video, na video ya mwezi uliopita, kama hakuna wizi uliotokea, haina thamani. Chenye thamani ni zile gigabaiti chache za madeni, ankara na mikataba, na hizo zinaenea katika diski ndogo ya kubeba mfukoni. Mwenye biashara akitenganisha mafungu haya mawili tangu mwanzo, video katika folda moja isiyo na nakala, hesabu katika folda nyingine yenye nakala tatu, gharama ya usalama wake inashuka sana. Kwa ofisi hii, kisanduku cha diski mbili za terabaiti 4 kila moja kinatosha kwa miaka mingi.

Zipo kazi ambazo hesabu yake haitoki hivyo. Rumonge ina redio ya jamii, Izere FM, na kituo chochote cha redio kinahifadhi sauti. Saa moja ya sauti isiyobanwa, kwa ubora wa CD, ni zaidi ya megabaiti 600. Ikibanwa kwa MP3 ya kilobiti 128 inakuwa karibu megabaiti 58. Kwa redio, mzigo mzito ndio huohuo wenye thamani, kwa hiyo diski kubwa na nakala kubwa haviepukiki. Zahanati yenye picha za eksirei iko katika hali hiyohiyo. Kila biashara na ipige hesabu yake kabla ya kuingia dukani.

Jambo moja la mwisho katika mzigo ni njia unaopitia. Swichi ya zamani ya megabiti 100 hupitisha megabaiti 11 hivi kwa sekunde, na ya gigabiti moja hupitisha karibu 110. Faili la gigabaiti moja litachukua dakika moja na nusu katika ya kwanza, na sekunde kumi katika ya pili. Kununua seva ya kasi na kuichomeka kwenye swichi chakavu ni kutupa fedha.

Diski mbili na kile zisichoweza

Mwaka 1988 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walichapisha makala iliyolipa jina la RAID wazo la kuunganisha diski nyingi za bei nafuu ili moja ikifa nyingine ziendelee na kazi. Katika kisanduku cha diski mbili, namna inayofaa ni ile ya nakala pacha: kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza kinaandikwa papo hapo kwenye ya pili. Diski mbili za terabaiti 4 zinatoa nafasi ya terabaiti 4, kwa sababu nusu ni bima.

Bima hiyo ina mpaka, na mpaka wake haujulikani na wengi. Nakala pacha ni makarani wawili wanaoandika kwa imla moja: bosi akisema futeni ukurasa, wote wawili wanafuta. Karani akifuta folda ya mwaka mzima kwa bahati mbaya, inafutika kwenye diski zote mbili. Kirusi kikiyafunga mafaili, yanafungwa yote. RAID inalinda dhidi ya kifo cha diski na hailindi dhidi ya kitu kingine chochote.

Diski zenyewe hufa kwa kiwango gani? Kampuni ya Backblaze ya Marekani, ambayo tangu 2013 imekuwa ikitoa hadharani takwimu za diski zake, iliripoti vifo vya asilimia 1.40 mwaka 2023 na asilimia 1.57 mwaka 2024. Hizo ni diski zilizo katika vituo vyenye umeme tulivu na hewa iliyopozwa. Kando ya ziwa, penye vumbi na umeme unaopanda na kushuka, mnunuzi asitarajie nafuu hiyo.

Joto, kinyume na wengi wanavyoamini, si adui wa kwanza. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000, wakaona kwamba uhusiano wa joto na vifo ulikuwa dhaifu kuliko ilivyodhaniwa. Ulijitokeza zaidi kwenye joto kali mno na kwenye diski za umri mkubwa. Ofisi ya Rumonge, basi, haihitaji kiyoyozi kwa ajili ya seva. Inahitaji kisanduku kiwekwe penye hewa inayopita, mbali na dirisha la jua la alasiri, na vumbi lifutwe kila mwezi.

Katika uchaguzi wa diski kuna mitego miwili iliyothibitishwa. Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya diski za WD Red, zilizouzwa kwa ajili ya seva za hifadhi, zilitumia mtindo wa SMR, ambamo njia za kuandikia hulaliana kama vigae. Diski ya namna hiyo huenda polepole sana inapoandikwa mfululizo, na kujenga upya diski iliyokufa ni kazi ya kuandika mfululizo. Mnunuzi aulize kama diski ni ya CMR, mtindo ambamo njia hazilaliani, na jibu lisomwe kwenye karatasi ya mtengenezaji. Mtego wa pili ulifichuliwa Januari 2025 na jarida la Heise la Ujerumani: diski za Seagate zilizokwisha kufanya kazi maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa na wafanyabiashara wa kati kama mpya, rekodi zake za kawaida zikiwa zimefutwa. Ikiwa hayo yalitokea Ulaya, mnunuzi wa Bujumbura ana haki ya kudai diski ichomekwe mbele yake, saa zake za kazi zisomwe, na namba yake ya dhamana iangaliwe kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla fedha hazijatoka.

Kuna sababu ya kiuchumi ya kununua diski tatu badala ya mbili. Burundi ina uhaba wa fedha za kigeni, na Mei 2023 thamani ya faranga ilishushwa kutoka takriban 2,100 hadi zaidi ya 2,800 kwa dola moja katika soko rasmi. Kifaa kinachoagizwa kutoka nje kinaweza kukosekana madukani wakati wowote, au kurudi kwa bei nyingine kabisa. Barabara nayo imewahi kuzibwa: mwaka 2015 maporomoko ya udongo ya Gitaza yaliifunga RN3 kati ya Rumonge na Bujumbura. Diski ya tatu iliyofungwa kabatini inamaanisha kwamba siku moja ya zile mbili itakapokufa, mpya itaingia jioni hiyohiyo. Kwa terabaiti 4, kunakili upya huchukua saa saba au zaidi, na muda wote huo biashara inaning'inia kwenye diski moja.

Umeme wa REGIDESO na jua la Imbo

Diski inayozunguka haipendi kukatiwa umeme katikati ya kuandika. Faili linaloandikwa wakati huo linaweza kuharibika, na mara nyingine hata orodha inayoonyesha kila faili liko wapi. Wateja wa REGIDESO, shirika la umeme na maji la Burundi, wanajua kwamba umeme hukatika, na kwamba unaporudi mara nyingi huja na kishindo. Mradi wa mitambo ya maji ya Jiji na Mulembwe, yenye jumla ya megawati 49.5, unaongeza nguvu ya gridi ya taifa, lakini nguzo iliyoanguka mtaani na radi za msimu wa mvua haviondolewi na bwawa. Jenereta nalo lina tatizo lake: uhaba wa mafuta ulioisumbua nchi miaka ya karibuni umewaacha wenye jenereta wengi bila tone.

Habari njema ni kwamba seva ndogo haina uchu. Kisanduku cha diski mbili hutumia takriban wati 20. Ruta na swichi zikiongeza 15, jumla ni wati 35. UPS ndogo ya betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Kwa hesabu ya karatasi hizo ni zaidi ya saa mbili, lakini upotevu na uzee wa betri hupunguza, kwa hiyo busara ni kuhesabu saa moja tu. Saa moja inatosha kwa jambo lililo muhimu: UPS iunganishwe na seva kwa waya wa USB, ili betri ikikaribia kuisha seva ijifunge yenyewe kwa utaratibu. Kifaa kisichoweza kupokea ishara hiyo hakifai Rumonge, hata kiwe bora vipi mahali pengine.

Anayetaka seva ifanye kazi usiku na mchana bila kumtegemea yeyote ana njia ya jua. Wati 35 kwa saa 24 ni wati-saa 840. Paneli ya wati 300 na betri ya kutosha usiku mmoja zinaweza kuubeba mzigo huo, na Imbo haikosi jua. Hapa ndipo kompyuta ya zamani, ambayo mafundi wengi hupendekeza igeuzwe seva kwa programu za bure kama OpenMediaVault au TrueNAS, inapopimwa upya. Programu hizo ni nzuri na za kuaminika. Lakini kompyuta ya mezani iliyochoka inaweza kula wati 80, sawa na karibu kilowati-saa mbili kwa siku, na paneli na betri zake zitagharimu kuliko kisanduku kipya. Penye umeme wa uhakika, kompyuta ya bure ni ya bure. Kwenye betri ina bei.

Maji, moto na mwizi

Ziwa Tanganyika hupanda. Katika karne ya 19 lilisimama karibu mita kumi juu ya kiwango chake cha sasa, hadi mwaka 1878 lilipojifungulia njia kupitia mto Lukuga kuelekea Kongo. Kwa watu walio hai leo, kumbukumbu kubwa zilikuwa za miaka ya 1960, na kisha mwaka 2024, maji yalipoingia nyumbani, madukani na bandarini kwenye ufuko wa Burundi, Rumonge ikiwamo. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ziwani, na maghala mengi ya zamani yako ndani ya mstari huo kwa sababu samaki na mizigo hushushwa hapo.

Kwa seva, hii ina maana mbili. Kwanza, isikae sakafuni, hata siku moja. Rafu ya juu ukutani, iliyofungwa kwa skrubu, inailinda na maji ya mvua na kuifanya isiwe rahisi kubebwa. Pili, na hili ndilo kubwa, nakala ya akiba isikae jengo lilelile. Moto wa Bujumbura wa 2013 ungeziteketeza diski mbili kama ulivyoteketeza daftari moja. Hata makampuni makubwa yamelipia somo hili: tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, liliungua, na miongoni mwa wateja wake walikuwamo waliokuwa wameweka nakala za akiba katika eneo hilohilo. Walipoteza zote.

Kanuni inayotumika duniani ilienezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu kutunza picha: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Kwa mnunuzi wetu wa mawese inatafsirika hivi. Nakala ya kwanza iko kwenye seva. Ya pili iko kwenye diski ya nje ya terabaiti moja, iliyofungwa kwa nywila, inayochomekwa kila Ijumaa na kuchomolewa kazi ikiisha. Ya tatu iko kwenye diski nyingine kama hiyo, inayokaa kwa ndugu Bururi, juu mlimani ambako ziwa halifiki, na kubadilishana na ile ya pili kila mwezi.

Je, intaneti haiwezi kufanya kazi ya ndugu wa Bururi? Kwa sehemu, inaweza. Megabaiti 230 za siku moja, kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 2, zinaondoka kwa robo saa, na usiku hakuna anayezuiwa. Kurudisha ndiko kugumu: gigabaiti 69 za mwaka mmoja, kwa megabiti 5, zitachukua zaidi ya saa 30 mtandao ukiwa haujakatika hata mara moja. Na hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, ziliharibika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Burundi, isiyo na bahari, inaifikia dunia kupitia majirani zake, kwa hiyo kila kidonda cha njia kinaihusu. Hifadhi ya mtandaoni ni nyongeza nzuri. Ofisi inayoitegemea peke yake itafunga siku waya utakapokatika, wakati mwenye seva chumbani ataendelea kutoa ankara.

Mlango wa kufungwa

Wauzaji hupenda kuonyesha jinsi mwenye duka anavyoweza kufungua mafaili yake kwa simu akiwa Dar es Salaam au Dubai. Ni huduma inayovutia, na ndiyo iliyowaumiza wengi zaidi.

Agosti 2014 programu iitwayo SynoLocker ilizivamia seva za Synology zilizokuwa wazi kwenye intaneti na hazijasasishwa, ikayafunga mafaili na kudai malipo. Juni 2021 watu walioamka na kufungua diski zao za WD My Book Live walizikuta tupu. Zilikuwa zimefutwa kutoka mbali, na mtengenezaji alikuwa ameacha kuzitolea masasisho tangu 2015. Januari 2022 ilikuwa zamu ya QNAP: kundi la Deadbolt lilifunga mafaili ya maelfu ya wateja na kudai bitcoin 0.03 kwa kila mmoja. Waathirika wengi walikuwa watu wa kawaida na biashara ndogo, kwa sababu hao ndio hununua visanduku hivi.

Kinga yake haihitaji utaalamu mkubwa. Ruta isiruhusu mtu wa nje kuifikia seva moja kwa moja. Anayelazimika kuingia kutoka mbali apite njia ya faragha ya VPN. Jina la mtumiaji la kiwandani lizimwe. Kila mfanyakazi awe na nywila yake, na karani wa ghala asiweze kufuta folda ya hesabu. Itifaki ya zamani ya SMB toleo la kwanza izimwe pia. Ni udhaifu wake katika Windows uliokibeba kirusi cha WannaCry duniani kote Mei 2017. Seva iwekwe ihifadhi picha za folda kwa vipindi, yaani hali yake ilivyokuwa saa iliyopita, jana na wiki iliyopita, ili faili likiharibiwa lirudishwe kama lilivyokuwa. Zipo seva za bei ya chini kabisa zisizo na uwezo huo, na hilo peke yake ni sababu ya kuzikataa.

Swali la kumwuliza muuzaji kuhusu usalama ni moja: mtengenezaji ameahidi masasisho hadi mwaka gani? Kisanduku kilichopitwa na wakati kinaweza kuwaka taa zake zote za kijani na bado kikawa mlango usio na komeo.

Siku ya majaribio

Mwaka 1998, filamu ya Toy Story 2 ikiwa inatengenezwa, mtu katika studio ya Pixar alitoa amri iliyoanza kufuta mafaili yake. Sehemu kubwa ya filamu ilitoweka. Nakala za akiba zilikuwapo, lakini zilipofunguliwa zilikutwa na kasoro. Kilichookoa kazi ni kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa mkurugenzi wa ufundi Galyn Susman, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua. Studio yenye wataalamu wa kiwango hicho haikujua kwamba nakala zake ni mbovu, kwa sababu hakuna aliyejaribu kuzirudisha.

Kwa hiyo tathmini ya kweli haifanywi kwa kusoma karatasi ya sifa. Inafanywa siku moja ya utulivu, seva ikiwa na mafaili halisi, kabla fundi hajamaliziwa malipo yake. Diski moja ichomolewe kazi ikiendelea, na ionekane kama makarani wanaendelea kufungua mafaili na kama onyo linamfikia mwenye duka kwa sauti au kwa ujumbe. Irudishwe, na saa za kupona ziandikwe. UPS ichomolewe ukutani na isubiriwe hadi seva ijifunge yenyewe, kisha umeme urudi na ionekane kama inaamka bila kuguswa. Folda moja ifutwe kwa makusudi na irudishwe kutoka katika picha za jana. Mwishowe diski ya nje ipelekwe kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuiona seva, ifunguliwe kwa nywila, na ankara ya mwezi wa tatu isomwe humo.

Majaribio haya yafanywe na karani, fundi akiwa amekaa pembeni bila kugusa kitu. Siku ya maafa fundi anaweza kuwa Bujumbura na barabara imefungwa. Ndiyo sababu pia lugha ya kifaa ina uzito: visanduku vya watengenezaji wakubwa vina Kifaransa, ambacho makarani wengi wa Burundi wamesomea, na hatua za kurudisha mafaili ziandikwe kwa Kiswahili au Kirundi kwenye karatasi moja na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati. Nywila zikae kwenye bahasha iliyofungwa, mikononi mwa watu wawili wanaoaminiana, kwa kuwa mwenye duka naye huugua, husafiri na hufa.

Kwa biashara ndogo ya ufuko huu, basi, ununuzi unaofaa ni kisanduku cha diski mbili chenye picha za folda na ahadi ya masasisho ya miaka mingi. Diski tatu za CMR, ya tatu ikiwa ya akiba. UPS yenye waya wa ishara. Na diski mbili za nje zinazopishana kati ya Rumonge na mlimani. Fedha zikipungua, ipunguzwe kasi, upunguzwe ukubwa, kamera zihifadhiwe siku 15 badala ya 30, lakini diski ya mlimani isiguswe. Na ambaye hawezi kununua seva mwaka huu anunue angalau diski hiyo moja wiki hii, anakili hesabu zake humo, na aipeleke mbali na ziwa.